Antivairasi inayojifuta yenyewe

Wadau, hebu fikirieni programu ya kuzuia virusi ambayo faili zake zina alama ileile inayoiwinda. Ukiianzisha tu, inaanza kujifuta. Hapo ndipo tiba ya saratani ya seli T ilipokwama kwa miaka.

Tuanzie kwetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari hadi kusini mwa Afrika wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani yao ilionyesha kuwa karibu na ikweta uvimbe huo ni adimu kuanzia mita 1,500 hivi, yaani usawa wa Kitengela hapa ninapokaa na kupanda kwenda Kajiado. Sampuli za Uganda zikapelekwa London, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kirusi kinachobeba jina lake. Wakati huohuo dawa moja, saiklofosfamaidi, ikaponya baadhi ya watoto kule Kampala.

Hiyo ni saratani ya seli B. Mwaka 2012 huko Philadelphia saratani nyingine ya seli B iliangushwa kwa mbinu mpya: seli T za mtoto Emily Whitehead zilitolewa, zikapewa jeni ya kutambua alama CD19, zikarudishwa mwilini. Akapona. Marekani ikaidhinisha tiba hiyo 2017.

Je, saratani ikiwa ya seli T zenyewe? Alama CD7 iko kwa adui na kwa askari pia, kwa hiyo askari wanauana kambini. Mei 2022, timu ya Waseem Qasim katika hospitali ya Great Ormond Street, London, ilichukua seli za mtu mwingine na kubadilisha herufi za DNA, C ikawa T, hadi CD7 ikazimwa. Kwetu sisi waandika programu, ni kama kugeuza mstari kuwa komenti badala ya kufuta faili. Msichana wa miaka 13 alipewa seli hizo, na baada ya siku 28 saratani haikuonekana.

Lakini askari hao humaliza pia seli T nzima za mgonjwa, hivyo lazima afuatie kupandikizwa uboho. Dawa ya Kampala ilitoshea wadi ya kawaida. Hii ya London bado inahitaji maabara nzima. Kodi imeshaandikwa, wadau. Kazi iliyobaki ni kuifanya iendeshwe kwenye mashine zetu.