Kususa Jukwaani: Tamthilia, Amri na Jibu la Wanafunzi nchini Kenya, 1977–2025

Utangulizi

Asubuhi ya tarehe 10 Aprili 2025, wanafunzi wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere, Kaunti ya Kakamega, walipanda jukwaani mjini Nakuru, katika Tamasha la Kitaifa la Drama. Walikuwa wamepangiwa kuigiza tamthilia iitwayo Echoes of War, yaani Mwangwi wa Vita. Hawakuiigiza. Waliimba wimbo wa taifa, wakashuka, wakaenda zao.

Tendo hilo lilichukua dakika chache tu, na aghalabu limesimuliwa kama tukio la kisiasa: mvutano baina ya serikali na mwanasiasa mmoja. Makala haya yanakusudia kulitazama kwa jicho jingine. Yanadai kwamba lile lililotendeka Nakuru ni sehemu ya historia ya tamthilia ya Kenya. Kwamba lina jadi yake. Na kwamba lugha ya Kiswahili inayo maneno mahsusi ya kulieleza, maneno ambayo yakichunguzwa vema yanatoa nuru juu ya wale waliokataza na wale waliokatazwa pia.

Jadi ya Kufunga Milango

Ukumbi wa Taifa wa Maigizo wa Nairobi ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Tamasha la drama la shule lilianza mwaka 1959, nalo katika miaka yake ya mwanzo lilitawaliwa na shule za Wazungu na ladha ya Kiingereza. Kwa hiyo jukwaa rasmi la Kenya lilizaliwa likiwa mali ya wachache, na mapambano ya miaka iliyofuata yalikuwa, kwa kiasi kikubwa, mapambano ya kuamua jukwaa ni la nani. Hata sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, iliyompa ofisa wa serikali mamlaka ya kutoa au kunyima kibali, ilitungwa kabla bendera ya uhuru haijapandishwa.

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Mnamo Oktoba 1977 wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho walianza kuigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kigikuyu iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Tarehe 16 Novemba mwaka huo kibali kiliondolewa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa humo karibu mwaka mzima.

Miaka michache baadaye kikundi hicho kilirudi na Maitũ Njugĩra, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Mama Niimbie. Mnamo Februari 1982 waigizaji walikuta milango ya Ukumbi wa Taifa imefungwa. Walihamia Chuo Kikuu cha Nairobi, ng'ambo ya barabara, wakaendelea na mazoezi yao mbele ya umati wa maelfu, wanafunzi wakiwa miongoni mwao, hadi huko nako walipozuiwa. Mwezi Machi jumba la wazi la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Katika mwaka huo huo wahadhiri kadhaa waliwekwa kizuizini, akiwemo Alamin Mazrui, ambaye tamthilia yake ya Kiswahili, Kilio cha Haki, ilikuwa imetoka mwaka 1981.

Katika mifano hii kuna jambo la kuzingatiwa. Kitabu cha Kilio cha Haki kingeweza kusomwa na mtu mmoja chumbani. Mazoezi ya Maitũ Njugĩra yalikusanya watu. Utawala ambao haukuwa na hofu kubwa ya riwaya ulitetemeka mbele ya mazoezi tu, kwa sababu tamthilia huwafanya watu wacheke pamoja na wanyamaze pamoja, na kila mmoja akatambua kuwa jirani yake amecheka pale pale alipocheka yeye.

Butere, 2013 na 2025

Shule ya Butere yenyewe haikuwa ngeni katika jambo hili. Mwaka 2013 wasichana wa shule hiyo waliandaa Shackles of Doom, tamthilia ya Cleophas Malala iliyohusu ugawaji usio wa haki wa ardhi, kazi na mali baina ya jamii. Wasimamizi wa tamasha waliizuia kwa madai kwamba ilikuwa na maneno ya chuki za kikabila. Okiya Omtatah alikwenda Mahakama Kuu, na Jaji David Majanja akaondoa zuio hilo.

Msingi wa kisheria ulikuwa wazi. Kifungu cha 33 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina lake. Kifungu hicho hicho kinaeleza kwamba uhuru huo haukingi matamshi ya chuki. Basi swali la kujibiwa lilikuwa hili: je, tamthilia inayoonyesha chuki ni tamthilia ya chuki? Mwenye kufahamu fasihi hatatatizika. Mhusika anayemtukana jirani yake jukwaani hatoi hukumu ya mtunzi. Aghalabu yeye ndiye anayehukumiwa na tamthilia nzima. Kumtenga mhusika na hadithi yake ni sawa na kumnukuu shahidi nusu sentensi.

Mwaka 2025 ulipofika, Malala alikuwa amebadilika hali. Alikuwa Seneta wa Kakamega kuanzia 2017 hadi 2022, kisha Katibu Mkuu wa chama tawala cha UDA tangu 2023 mpaka alipoondolewa mwaka 2024. Tamthilia yake mpya ilisimulia habari za ufalme wa kubuni, ambamo vijana wanawahoji wakubwa juu ya namna wanavyotawaliwa. Watazamaji hawakuhitaji kufafanuliwa. Ilikuwa haijatimia hata mwaka mmoja tangu vijana wa Kenya waandamane kupinga Mswada wa Fedha na kuingia katika majengo ya Bunge, tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo watu waliuawa kwa risasi.

Tamthilia ilipokumbwa na vikwazo, mahakama iliingia tena kati, na mapema Aprili Mahakama Kuu ikaamuru wasichana waruhusiwe kuigiza. Amri ilikuwepo, utekelezaji wake ndio uliokuwa kitendawili. Usiku wa tarehe 9 Aprili Malala alikamatwa na polisi huko Nakuru alipokwenda kukutana na waigizaji. Asubuhi yake askari walitumia mabomu ya machozi kuwatawanya watu waliotaka kutazama. Wasichana waliingia jukwaani bila mwelekezi wao, bila vifaa walivyovihitaji, na bila hadhira ya kweli. Malala aliachiliwa baadaye.

Haki inadai kwamba hoja ya upande wa pili nayo ipimwe. Wizara ya Elimu ilishikilia kwamba watoto wa shule hawafai kutumiwa katika siasa za watu wazima, na kwamba Malala si mwalimu. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mwanasiasa aliyetoka chamani kwa mvutano ana sababu zake, na mwalimu yeyote mwangalifu angeuliza ni nani anayenufaika mwanafunzi anapopewa maneno ya kusema. Lakini swali hilo lina mahali pake pa kuulizwa: katika jopo la waamuzi wa tamasha, katika baraza la walimu na wazazi, na mahakamani, ambako lilikwisha kupata jibu. Kulipeleka swali la ufundishaji kwa askari wa kutuliza ghasia ni kukiri kwamba muulizaji hasubiri jibu. Tena, kama shida ilikuwa watoto kuingizwa katika siasa, hapana lililowaingiza zaidi ya moshi ule wa asubuhi.

Kuchochea na Kususa

Neno lililotumiwa mara kwa mara dhidi ya tamthilia za aina hii, tangu siku za ukoloni, ni uchochezi. Asili yake ni jikoni. Kuchochea ni kusukuma kuni ndani ili moto uwake. Basi mchochezi, kwa maana ya asili ya neno, hakuleta kuni wala hakuwasha moto. Alivikuta vyote viwili mahali pake. Anayemwita mtunzi mchochezi anakubali, pasipo kujua, kwamba moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Ni neno la mashtaka ambalo ndani yake mna ungamo.

Neno la pili ni lile linalostahili tendo la wasichana. Wengi walisema wanafunzi wamegoma. Kugoma, hata hivyo, ni kukataa kufanya kazi inayodaiwa na mwingine. Wasichana wa Butere hawakudaiwa kuigiza. Waliigombea haki ya kuigiza hadi mahakamani, wakaipata. Walichokiacha kilikuwa chao. Kitendo cha kuacha kilicho chako, kwa sababu namna ulivyopewa imekitia doa, Waswahili hukiita kususa.

Kususa ni silaha ya mdogo na ya mnyonge: mtoto asusaye chakula, ndugu asusaye karamu aliyokaribishwa kwa dharau. Hakina matusi wala ngumi, na hakimwachii mwenye karamu la kujibu. Ni kweli kuna msemo wa kumkejeli asusaye, kwamba yeye akisusa wenziwe watakula. Msemo huo unakumbusha gharama ya kususa, na wasichana hawa waliilipa: mazoezi yao ya miezi, nafasi yao katika mashindano, sifa ya shule yao. Lakini Nakuru msemo ule haukutimia. Hapakuwa na wenzao wa kula. Hadhira ilikuwa imefukuzwa, na sahani ilibaki mezani kila mtu akiiona imejaa.

Wimbo walioimba kabla ya kushuka nao unahitaji kutazamwa. Wimbo wa taifa wa Kenya uliandaliwa mwaka 1963 na jopo la wanamuziki, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume. Sauti yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana, wimbo wa mama wa kumbembeleza mtoto. Mwaka 1982 tamthilia iliyomwomba mama aimbe ilifungiwa mlango. Mwaka 2025 wasichana waliofungiwa tamthilia yao waliimba sauti iliyotoka kwa mama, ikiwa imevikwa vazi la dola. Askari aliyetumwa kuwazuia hana budi kusimama wima wimbo huo uimbwapo. Kwa kuuimba, wanafunzi hawakuikana nchi. Waliikumbusha maneno yake yenyewe juu ya haki na amani. Hapo madai ya uchochezi yalikosa pa kushika.

Kutoka Ukumbini hadi Mtaani

Yafaa pia kuuliza tukio hili lilitazamwa kutoka wapi. Chukua mtaa wa Mowlem, Nairobi, ambao pamoja na Umoja I, Umoja II na Kariobangi Kusini hufanya eneo bunge la Embakasi Magharibi. Mitaa ya kale ya Eastlands, kama Kaloleni, ilijengwa na wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, ikawa na kumbi za jamii ambamo watu walicheza dansi na kufanya mikutano. Mowlem ya leo ni majumba ya ghorofa ya kupangisha yaliyosongamana. Mkazi wake atakaye kwenda Ukumbi wa Taifa hana budi kupanda matatu hadi katikati ya jiji, kisha atembee mpaka Barabara ya Harry Thuku, mkabala na Hoteli ya Norfolk. Umbali huo si wa kilomita peke yake. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliutambua mwaka 1974 kilipoanzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri, kilichowapelekea watu michezo mahali walipo bila kiingilio.

Mwaka 1982 kufuli moja lilitosha kuwatenga watu wa mitaa hiyo na Maitũ Njugĩra. Mwaka 2025 kufuli halikutosha. Picha za wasichana wakishuka jukwaani zilienea kwa simu siku ile ile, na watu ambao hawajawahi kukanyaga katika tamasha la drama walianza kuuliza tamthilia ile ilisema nini. Hata hivyo isidhaniwe kwamba simu imechukua nafasi ya jukwaa. Picha ile ilionyesha kususa, haikuonyesha tamthilia. Mtu wa Mowlem alipata habari za karamu, hakupata chakula.

Hitimisho

Tangu 1977 hadi 2025 sheria imebadilika sana. Mwaka 1977 hapakuwa na mahakama iliyosimama upande wa Kamĩrĩĩthũ. Mwaka 2013 na 2025 mahakama ilisimama upande wa Butere. Kilichobaki vile vile ni mazoea ya ofisa ambaye, akiisha kushindwa kwa hoja, huutafuta ufunguo wa mlango. Mazoea hayaondolewi na katiba pekee. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki tarehe 28 Mei 2025, aliishi hadi akaiona Katiba ikiutaja uhuru wa msanii, na pia asubuhi ile ya Nakuru.

Kwa wanataaluma wa lugha na fasihi kuna kazi iliyo wazi. Tamthilia za shule huandikwa, huigizwa na kusahauliwa. Ni chache mno zinazochapishwa, na zile zilizozuiwa ndizo hupotea upesi kuliko zote. Mwanafunzi wa miaka hamsini ijayo atakuta kwa urahisi amri za mahakama na habari za magazeti juu ya Butere, lakini huenda asikute mazungumzo ya wahusika. Idara za lugha katika vyuo vyetu zina wajibu wa kuzikusanya miswada hii, ya Kiswahili, ya Kiingereza na ya lugha nyingine za nchi, pamoja na kumbukumbu za waliokuwa wakiigiza, wakati waigizaji bado wanakumbuka mistari yao.