Nishani, Hati na Majina: Asili ya Jamaa za Askari wa Kinubi wa Kibera

Askari wa zamani anapofariki, aghalabu huwaachia watoto wake vitu vichache vya jeshi: nishani mbili tatu zenye tepe zilizofifia, cheti cha kuachiwa kazi, pengine na picha ya kikosi. Watoto hao wanapotaka kuijua asili yao huvikimbilia vitu hivyo, kwa imani kwamba serikali iliyoandika kila jambo haikosi kuwa imeliandika na chimbuko la baba yao. Kwa jamaa za Wanubi wa Kibera, jijini Nairobi, imani hiyo yahitaji kupimwa. Jeshi ndilo lililowaleta, ndilo lililowaonyesha pa kukaa, na wengine liliwapa hata majina. Basi karatasi zake hueleza mengi juu ya utumishi wa mtu, na machache mno juu ya nani alikuwa kabla hajaandikishwa.

Yafaa kuanza na nishani, maana chuma hudumu kuliko karatasi. Nishani za Vita vya Pili hueleza mahali kwa rangi za utepe. Nyota ya Afrika walipewa, miongoni mwa wengine, waliopigana na Waitaliano huko Somalia na Uhabeshi mwaka 1940 na 1941. Nyota ya Burma walipewa waliovuka bahari, kama vile askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliopigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Lakini askari wa King's African Rifles, au Keya kama walivyoiita wenyewe, walipewa nyota hizo bila jina lolote juu yake. Nyota iliyotengana na cheti chake yaweza kuwa ya mtu yeyote. Nishani za Vita vya Kwanza ni kinyume chake: ukingoni mwake zimepigwa chapa nambari ya askari, cheo, jina na kikosi. Kwa hiyo anayekuta katika sanduku la marehemu baba yake nishani ya fedha yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano na aitazame ubavuni kabla ya kuisugua kwa jivu, maana kusugua hula herufi. Huenda ikawa si ya baba bali ya babu, na kizazi kizima kikawa kimepatikana katika ukingo wa fedha.

Kupita babu, chuma hunyamaza, na hapo lugha ndiyo hushika zamu. Wazee wa jamaa za askari wakimtaja babu kwa cheo, husema alikuwa ombasha, au shaushi. Maneno haya si ya Kiingereza wala asili yake si Kiarabu, bali ni Kituruki. Onbaşı ni mkuu wa watu kumi, na çavuş ndiye sajini. Yalishuka kutoka dola ya Uturuki hadi jeshi la Misri, yakapanda mto Nili pamoja na majeshi ya Khedive hadi jimbo la Ikweta, ambalo Emin Pasha alilitawala tangu mwaka 1878. Khartoum ilipotwaliwa na wafuasi wa Mahdi mwaka 1885, askari wa Ikweta walikatiwa njia ya kurudi. Emin mwenyewe aliondoka na Stanley mwaka 1889. Waliobaki chini ya Selim Bey walikutwa na Lugard mwaka 1891 huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, naye akawachukua mamia ya askari, pamoja na maelfu ya jamaa na wafuasi wao, kuwaingiza Uganda. Askari hao wakawa kiini cha Uganda Rifles, na mwaka 1902 kikosi hicho kikaunganishwa na vingine kuwa Keya. Neno moja la cheo, likitajwa na bibi kizee jikoni, hubeba safari hiyo yote.

Gumu zaidi ni jina. Katika nafasi ya kabila, makarani wa kikoloni waliandika Sudani, kana kwamba Sudani ni kabila. Katika nafasi ya jina waliandika walilotajiwa, kwa mfano Farajalla, Bakhit, Murjan, Rihan au Almas. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa: marijani, rehani na almasi anavijua, na Bakhit ni mwenye bahati. Katika Sudan ya karne ya 19 majina ya namna hii walipewa sana watumwa, na askari wengi wa Khedive walikuwa vijana waliotekwa kusini kisha wakatiwa jeshini. Haimaanishi kwamba kila mwenye jina hilo alitekwa, kwani majina hurithiwa. Hata hivyo, jina la Murjan likionekana kileleni mwa shajara ya nasaba, mtafiti hana budi kushuku kwamba juu yake palikuwa na jina jingine, la Kibari, la Kimoru au la Kimakaraka, ambalo hakuna karani aliyeliuliza. Jamaa nyingine zimeuhifadhi ukoo huo kwa mdomo tu. Mzee akifa bila kuusema, hakuna hati ya kuufidia.

Wanawake hawamo kabisa. Katika hesabu za maofisa wao ni wafuasi, ijapokuwa kutenganishwa nao kulikuwa miongoni mwa malalamiko ya askari walioasi mwaka 1897. Wake hao walitoka katika makabila mengi ya njiani, na ndio waliowalea watoto katika Kinubi, Kiarabu kilichogeuka lugha mpya kambini. Lugha hiyo Bernd Heine aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1982. Anayefuata nasaba kwa nishani peke yake huwafuata wanaume tu, naye hupoteza nusu ya wazee wake.

Imebaki hati ya shamba. Tangu mwaka 1912 jeshi lilitoa vibali kwa askari wastaafu kukaa na kulima katika msitu walioupa jina kwa Kinubi, kibra, na mwaka 1918 eneo hilo, ekari zipatazo 4,197, lilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Kwa wajukuu, karatasi hiyo ni urithi. Kwa Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa taarifa yake mwaka 1934, wenyeji wa Kibera walikuwa wapangaji wa hisani, wakaao kwa ridhaa ya serikali. Neno lililoandikwa kwenye kibali lilikuwa ruhusa, wala halikuwa milki, na tofauti hiyo iliwagharimu wajukuu vizazi viwili vya madai. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliipa jumuiya ya Wanubi hatimiliki ya ekari 288. Hatimiliki hiyo ni ya jumuiya nzima, haina jina la ombasha wala la shaushi yeyote.