Kwaya ya Raia wa Berlin

Muziki ulioandikwa karatasini ni bubu. Waweza kukaa sandukuni miaka mia, usiguswe na mchwa wala unyevu, na bado ukawa umekufa kwa wanadamu, kwa sababu hakuna auimbaye. Historia ya kwaya moja ya mji wa Berlin yatuonyesha jinsi muziki wa namna hiyo ulivyofufuliwa na watu ambao kuimba hakukuwa kazi yao ya kuwapatia riziki.

Mwaka 1791 Carl Friedrich Fasch, mpiga kinanda wa wafalme wa Prusia, alianza kuwakusanya watu wachache wa mjini ili waimbe pamoja. Chama chao kikaitwa Sing-Akademie, yaani chuo cha kuimba. Hawakuwa watumishi wa mfalme wala wa kanisa, bali raia waliokuja kwa hiari yao. Wanawake waliimba pamoja na wanaume, jambo lililokuwa geni zama zile, kwani katika makanisa mengi ya nchi hiyo sauti za juu ziliachiwa wavulana. Fasch alipofariki mwaka 1800, uongozi ulishikwa na Carl Friedrich Zelter. Huyu alikuwa fundi mwashi, mwana wa mwashi, naye aliijua kazi ya mawe na chokaa kabla hajajulikana kwa muziki.

Zelter aliwafundisha waimbaji wake baadhi ya nyimbo za Johann Sebastian Bach, mtungaji aliyetumikia makanisa ya mji wa Leipzig hadi alipofariki mwaka 1750. Miongoni mwa kazi za Bach ulikuwamo utungo mkubwa juu ya mateso ya Kristo kama yasimuliwavyo katika Injili ya Mathayo. Utungo huo wataka kwaya mbili na okestra mbili, na huchukua zaidi ya saa mbili kuimbwa. Baada ya Bach kufa, watu walivutwa na muziki wa namna nyingine, na utungo wake ukabaki mikononi mwa wachache waliokuwa na nakala. Zelter mwenyewe aliuheshimu, lakini aliamini kwamba hauwezekani kuimbwa mbele ya watu.

Katika kwaya hiyo alikuwamo kijana aitwaye Felix Mendelssohn, aliyejiunga nayo tangu utotoni. Nyanya yake alimpa zawadi ya nakala ya utungo ule. Yeye na rafiki yake Eduard Devrient, mwimbaji na mwigizaji, wakawaita wenzao wachache nyumbani wajaribu kuuimba. Kadiri walivyozidi kuuimba ndivyo walivyozidi kuupenda. Mapema mwaka 1829 wawili hao walimwendea Zelter kumwomba ruhusa ya kuuongoza mbele ya watu wa mji. Mzee aliwadhihaki, akawakasirikia. Lakini hawakuondoka, na mwisho akakubali.

Tarehe 11 Machi 1829, Mendelssohn, mwenye umri wa miaka 20, alisimama mbele ya waimbaji zaidi ya 150. Tikiti zilikuwa zimekwisha, na watu wengi wakarudishwa mlangoni. Mfalme alihudhuria, na mwanafalsafa Hegel pia. Utungo uliimbwa tena tarehe 21 Machi, siku ya kuzaliwa kwa Bach, na mara ya tatu siku ya Ijumaa Kuu. Mapato yalitolewa kwa shule za ushonaji za wasichana maskini. Hivyo sauti za raia zikawasaidia watoto wa jirani zao kupata ufundi wa kujitegemea. Mwaka 1830 utungo ukapigwa chapa, na miji mingine ikaweza kuuimba.

Lakini kwaya ni watu, na watu hawakosi walakini. Zelter alifariki mwaka 1832, nao wanachama wakapiga kura kumchagua kiongozi mpya. Mendelssohn alishindwa; wakamchagua Carl Friedrich Rungenhagen, aliyekuwa amekitumikia chama kwa miaka mingi. Baadhi ya wanahistoria wataja ujana wa Mendelssohn kuwa sababu; wengine wataja asili yake ya Kiyahudi. Yaliyo hakika ni kwamba chama kilimkataa yule aliyekipatia sifa yake kubwa kupita zote.

Katika Vita Vikuu vya Pili hazina ya nakala za kwaya iliondolewa Berlin ili isiteketezwe na mabomu, kisha ikachukuliwa hadi Kiev. Kwa zaidi ya miaka 50 watu wa Berlin hawakujua ilipo. Iligunduliwa mwaka 1999, ikarudishwa mwaka 2001. Lakini katika miaka hiyo yote utungo wa Bach haukupotea tena, kwa maana ulikuwa umekwisha kuingia katika vinywa vya maelfu ya waimbaji wa miji mbalimbali. Kwaya yenyewe ingali ikiimba hata leo.

Msomaji uimbaye katika kwaya ya shule au ya kanisa, usiyadharau mazoezi ya jioni yasiyo na malipo. Nyimbo za wazee wetu nazo zimo hatarini pale wasipokuwapo wa kuziimba, na hakuna sanduku liwezalo kuzitunza kwa niaba yetu.