Jina moja laguswa, jingine lachaguliwa: namna ya kulinda uteuzi katika orodha za simu

Programu nyingi za simu zinazotumika katika nchi jirani, kuanzia za kutuma fedha hadi za kuagiza bidhaa na kukata tiketi, humwekea mtumiaji orodha ndefu na kumtaka achague. Hupitisha kidole, orodha ikapanda, akagusa jina, na alama ya vema ikatokea. Jambo hilo huonekana jepesi. Hata hivyo, programu iliyoandikwa bila uangalifu yaweza kumwekea alama mtu ambaye hakuchaguliwa, au kupeleka fedha kwa jina lililo karibu na lile lililoguswa. Makala haya yanaeleza chanzo cha kasoro hiyo, kanuni inayoizuia, na namna ya kuipima programu kabla haijawafikia watu.

Kutoka kuandika namba hadi kugusa jina

M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007, mtumaji alifuata menyu iliyokuwa ndani ya laini yake ya simu, na aghalabu aliandika namba ya mpokeaji tarakimu baada ya tarakimu. Vodacom iliipeleka huduma hiyo Tanzania mwaka 2008, na MTN ikaanzisha ya kwake Uganda mwaka 2009. Kosa lililoogopwa zama hizo lilikuwa la kidole: tarakimu moja ikikosewa, fedha humwendea mtu mwingine.

Simu janja zimeongeza njia nyingine. Mtumaji hufungua orodha ya majina, huitelezesha, kisha hugusa. Usumbufu wa tarakimu umepungua, lakini sasa kosa laweza kutokea ndani ya programu yenyewe, hata pale mtumiaji alipogusa mahali sahihi. Ndiyo maana huduma kama Hakikisha ya Safaricom, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka, ina umuhimu mkubwa. Lakini huo ni mlango wa mwisho. Anayetengeneza programu anapaswa kulinda milango iliyotangulia.

Kwa nini mstari hutumiwa tena

Tuchukue simu yenye majina 800. Kioo chake huonyesha majina kama 10 kwa wakati mmoja. Lau programu ingetengeneza mistari 800 kamili, kumbukumbu ya simu ingelemewa, hasa katika simu za bei nafuu ambazo ndizo zilizo mikononi mwa wengi. Kwa hiyo mfumo hutengeneza mistari inayoonekana pamoja na michache ya akiba. Mstari unaotoweka juu ya kioo huchukuliwa, hujazwa jina jipya, na huletwa chini.

Mbinu hii si ngeni. Watengenezaji wa programu za iPhone wameijua kupitia UITableView, na wale wa Android kupitia ListView, tangu mwaka 2008. Mwaka 2014 Google ilileta RecyclerView, ambayo jina lake lenyewe linatangaza kazi ya kutumia tena.

Mfano wake ni sahani za shughuli ya harusi. Sahani 50 zaweza kuhudumia wageni 300, kwa sharti kwamba kila sahani ioshwe kabla ya kupakuliwa tena. Isipooshwa, mgeni wa pili hupata mabaki ya mgeni wa kwanza.

Kosa la kwanza: alama iliyobaki kwenye mstari

Mtumiaji amemwekea Amina alama. Programu imeipaka alama hiyo kwenye mstari unaoonekana, wala haikuandika popote kwamba Amina amechaguliwa. Orodha inapotelezeshwa, mstari wa Amina hupewa Hamisi, na Hamisi hujitokeza akiwa na alama ambayo hakuna aliyemwekea. Mtumiaji akirudi juu, huenda akamkuta Amina hana alama.

Tiba yake ni kutouamini mstari. Kila unapojazwa upya, programu iulize kumbukumbu yake: je, huyu amechaguliwa? Jibu likiwa ndiyo, iweke alama. Likiwa siyo, iifute. Wengi huandika sehemu ya kuweka na kusahau ya kufuta, na hapo ndipo mabaki hubaki kwenye sahani.

Kosa la pili: kukumbuka nafasi badala ya mtu

Watengenezaji wengine huandika kumbukumbu, lakini huandika nafasi: aliyechaguliwa ni wa saba. Hilo hufaa maadamu orodha haibadiliki. Pindi jina jipya linapoongezwa juu, aliyekuwa wa saba huwa wa nane, na uteuzi humwangukia mtu mwingine. Vivyo hivyo hutokea orodha inapopangwa upya, inapochujwa kwa utafutaji, au jina linapofutwa.

Ni sawa na utingo wa basi anayeandika kwamba kiti namba saba kimelipa nauli, bila kumjua abiria. Abiria akishuka njiani na mwingine akakaa, daftari litasema amelipa mtu ambaye hajatoa hata senti.

Kwa hiyo kinachopaswa kukumbukwa ni kitambulisho cha kitu chenyewe. Jina pekee halitoshi, kwa kuwa orodha moja yaweza kuwa na akina Hamisi watatu. Namba ya simu nayo huhitaji uangalifu: namba inayoanza kwa sifuri na ile inayoanza kwa msimbo wa nchi zaweza kuwa namba moja iliyoandikwa kwa namna mbili. Kilicho salama ni kila kitu kupewa kitambulisho cha pekee tangu kilipohifadhiwa, kisichobadilika orodha inapobadilika.

Zana mpya hazijaliondoa kosa hili. Katika Jetpack Compose, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2021, kitu kisichopewa kitambulisho katika orodha hutambuliwa kwa nafasi yake. Mtengenezaji ndiye anayepaswa kukitaja kitambulisho hicho.

Kosa la tatu: orodha kubadilika chini ya kidole

Mara nyingine orodha hubadilika wakati uleule wa kuguswa. Ujumbe mpya umeingia, au data imefika kutoka kwenye intaneti, na majina yamesogea. Kwa muda mfupi, kinachoonekana kwenye kioo na kilichomo katika kumbukumbu havilingani. Katika hali hiyo RecyclerView yaweza kujibu kwamba nafasi ya mstari ulioguswa ni -1, yaani haijulikani. Programu inayolipuuza jibu hilo huweza kuzimika ghafla. Inayostahili kuaminiwa huuacha mguso huo upite bila kutenda lolote, na mtumiaji hugusa tena.

Pale fedha zinapohusika, ni bora kutosogeza majina mtumiaji akiwa katikati ya kuchagua. Majina mapya yanaweza kusubiri hadi atakapomaliza.

Uteuzi unaodumu, na maana ya “chagua wote”

Simu ya Android inapogeuzwa kutoka wima hadi ulalo, kwa kawaida ukurasa unaoonekana huvunjwa na kujengwa upya. Aidha, mtumiaji akipokea simu au akifungua programu nyingine nzito, mfumo waweza kuifunga programu ya kwanza ili kupata nafasi. Orodha ya vitambulisho vilivyochaguliwa sharti ihifadhiwe ili irudishwe. Mtu aliyechagua majina 40 akayapoteza kwa kugeuza simu hataiamini tena programu hiyo.

Kitufe cha “chagua wote” nacho kinahitaji ufafanuzi. Je, wote ni wale waliokwisha kupakuliwa, waliobaki baada ya kuchuja, au wote waliomo katika hifadhi? Karani wa chama cha ushirika anayelipa wakulima hawezi kuachiwa kubahatisha. Programu iandike idadi waziwazi: “Umechagua 62 kati ya 310.”

Wenye uoni hafifu na wasioona

Rangi pekee haitoshi kuonyesha uteuzi. Wasioona hutumia TalkBack katika Android na VoiceOver katika iPhone, ambazo husoma kioo kwa sauti. Programu iziarifu kwamba jina limechaguliwa, ili msikilizaji asikie jina pamoja na hali yake. Mahali pa kugusa nako kuwe kwa kutosha: Google inapendekeza upana na urefu wa vipimo 48 vya Android, na Apple vipimo 44 vya iPhone. Mistari iliyobanana humfanya hata anayeona vizuri aguse jina la jirani.

Namna ya kuipima programu

Kipimo hiki hakihitaji mtaalamu. Meneja wa duka au kiongozi wa kikundi cha akiba anayetaka kununua programu anaweza kukifanya kwa dakika chache, kwa majina ya majaribio.

1. Chagua jina la tatu na la tano, telezesha hadi mwisho, kisha rudi. Alama ziwe palepale, na pasiwe na nyingine.
2. Ongeza jina jipya litakalokaa juu ya orodha. Alama zibaki kwa watu walewale.
3. Tafuta jina, lichague, kisha ufute neno la utafutaji. Uteuzi usihame.
4. Geuza simu, kisha fungua programu nyingine na urudi. Uteuzi uwepo.
5. Futa mmoja wa waliochaguliwa. Idadi ipungue kwa mmoja, wala alama yake isirithiwe na jina linalofuata.
6. Endelea hadi hatua ya kuthibitisha. Majina, namba na kiasi vionyeshwe kabla ya kuombwa namba ya siri.

Programu inayoshindwa katika hatua yoyote kati ya hizi irudishwe kwa mtengenezaji kabla ya kutumiwa kwa fedha za watu. Kasoro hiyo hutengenezwa kwa mistari michache ya msimbo, ilhali fedha zilizokwenda kwa mtu mwingine hutegemea hiari ya aliyezipokea na juhudi za kampuni ya simu, na zaweza kuwa zimekwisha kutolewa kwa wakala.