Duka la Pembejeo na Sauti ya Mkulima

Tunapolalamikia huduma mbovu katika maduka ya pembejeo vijijini, huwa tunazungumza kana kwamba tatizo ni tabia ya muuzaji. Mimi naliona kuwa ni tatizo la historia, na historia hiyo inaanzia kwenye mizani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma waliweka watu wao wenyewe kukagua mizani ya wanunuzi waliowapunja. Kutokana na vuguvugu hilo, chini ya Paul Bomani, ulizaliwa muungano wa vyama vya ushirika wa Kanda ya Ziwa mwaka 1955. Kilimanjaro walikuwa wametangulia: KNCU ilianza mwaka 1933. Ushirika ulinunua mazao na pia ulileta pembejeo, mara nyingi kwa mkopo uliokatwa baada ya mauzo. Karani wa ghala alikuwa mwajiriwa. Mkulima aliyesimama mbele yake alikuwa mwanachama, mwenye haki ya kumhoji katika mkutano mkuu.

Sidai kwamba vyama hivyo vilikuwa safi. Kamati maalumu ya Rais iliyoundwa mwaka 1966 ilikuta wizi, upendeleo na uongozi dhaifu. Lakini dawa iliyokuja baadaye ilikuwa kali kuliko ugonjwa. Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na kazi zake zikakabidhiwa mashirika ya umma na mamlaka za mazao. Maghala yalibaki, aliyeondolewa ni mwanachama. Mbolea ilipochelewa, hapakuwa tena na mkutano wa kumwajibisha mtu. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, ila vilirudi kwa amri kutoka juu.

Miaka ya 1990 ilileta pigo la pili. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilifungwa mwaka 1991, ruzuku ikaondolewa hatua kwa hatua, na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Hapo mnyororo wa mkopo ulikatika: mkulima aliyekopeshwa na chama aliweza kumuuzia mwingine, na chama kikabaki na deni lisilolipika. Duka binafsi lililochukua nafasi hiyo lilifuata barabara na fedha taslimu. Mwenye heka mbili mbali na lami hakuwa mteja wa kugombewa.

Serikali imerudi na vocha kuanzia 2008, kisha ruzuku ya usajili wa kidijitali katika msimu wa 2022/23. Ni hatua za kupongezwa, kwani bei ni mzigo halisi. Hata hivyo, mkulima mwenye namba ya usajili bado si mkulima mwenye sauti. Wakala akifunga duka mvua zikinyesha, atamhoji wapi?

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, pendekezo langu ni dogo: wakala wa ruzuku atoe taarifa yake mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kabla na baada ya msimu, na maoni ya mkutano huo yazingatiwe uwakala wake unapohuishwa. Lugha nzuri dukani hufuata uwajibikaji, haijawahi kuutangulia.