Mdalasini na kisukari: Manufaa yapo, lakini si badala ya dawa

Katika pwani ya Kenya, kuanzia Kilifi hadi Malindi, mdalasini si kiungo kigeni. Gome hilo hunukia katika pilau, biriani na chai ya viungo, na kwa karne nyingi viungo vililetwa na majahazi yaliyosukumwa na pepo za kaskazi. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, alikuwa njiani kuelekea India kuitafuta biashara hiyo hiyo.

Siku hizi mdalasini unatajwa pia kuwa tiba ya kisukari. Utafiti umeunga mkono sehemu ya dai hilo. Haujaonyesha, hata hivyo, kwamba mgonjwa anaweza kuacha dawa za hospitali na kutegemea kiungo cha jikoni.

Sukari inavyodhuru

Kisukari cha aina ya pili hutokea seli za mwili zinapoacha kuitikia insulini ipasavyo, huku kongosho likishindwa kutengeneza insulini ya kutosha kufidia upungufu huo. Matokeo yake ni sukari kurundikana katika damu.

Sukari ikizidi kwa muda mrefu, seli huzalisha kwa wingi chembechembe huru, yaani molekuli zisizotulia ambazo hunyang'anya elektroni kutoka kwa molekuli jirani na kuziharibu. Mafuta yaliyo katika kuta za seli huchacha, mithili ya mafuta ya kupikia yaliyoachwa wazi. Mishipa midogo ya damu ya macho na figo, pamoja na neva za miguu, ndiyo huumia zaidi.

Mwili hujikinga kwa viambato viitwavyo antioksidanti, ambavyo huzituliza chembechembe hizo. Kwa mgonjwa wa kisukari kinga hiyo mara nyingi huzidiwa nguvu. Mdalasini una polifenoli, viambato vya mimea vyenye uwezo wa aina hiyo, na ndiyo sababu wanasayansi wameuchunguza.

Matokeo ya uchunguzi

Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi uliohusisha watu 22 wenye uzito uliopita kiasi, ambao sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa juu ya kawaida. Baadhi yao walipewa miligramu 250 za dondoo la mdalasini mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Katika damu yao, dalili ya kuchacha kwa mafuta ilipungua na uwezo wa kupambana na chembechembe huru ukaongezeka.

Ikumbukwe kwamba watu hao walikuwa wachache, walikuwa ukingoni mwa kisukari, na walitumia dondoo lililopimwa, si unga wa sokoni. Aidha, kipimo cha damu kuwa kizuri si sawa na macho au figo kuokolewa.

Kuhusu kushusha sukari yenyewe, matokeo yanatofautiana. Nchini Pakistan, uchunguzi wa mwaka 2003 uliohusisha wagonjwa 60, ambao nusu yao walipewa gramu 1, 3 au 6 kwa siku kwa siku 40, ulionyesha sukari ya asubuhi ya waliopewa mdalasini ikishuka kwa asilimia 18 hadi 29. Nchini Uholanzi, mwaka 2006, wanawake 25 wenye kisukari walishiriki uchunguzi wa wiki sita ambao haukuona faida yoyote ya gramu 1.5 kwa siku. Mwaka 2012, shirika la Cochrane lilipitia majaribio 10 yenye washiriki 577 na kuhitimisha kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza mdalasini kuwa tiba ya kisukari.

Si mdalasini wote ni mmoja

Ziko aina mbili kuu sokoni. Mdalasini wa Sri Lanka huwa na magome membamba, mepesi kuvunjika, yaliyokunjwa tabaka nyingi kama sigara. Ule wa kasia, utokao hasa China, Indonesia na Vietnam, una gome nene, gumu, lenye tabaka moja na rangi iliyokolea.

Kasia una kumarini nyingi, kemikali inayoweza kudhuru ini. Wa Sri Lanka una chembe ndogo tu. Wataalamu wa Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 0.1 za kumarini kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kwa makadirio ya taasisi ya Ujerumani inayotathmini hatari za vyakula, mtu mwenye kilo 60 hufikia kikomo hicho kwa gramu 2 hivi za kasia, kiasi kisichojaza kijiko kimoja cha chai. Dozi ya gramu 6 iliyotumika Pakistan ilikuwa ya kasia, na ni mara tatu ya hapo.

Unga uliokwisha kusagwa haumwonyeshi mnunuzi ni wa aina gani. Tena, mwaka 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha umma kuhusu chapa kadhaa za unga wa mdalasini zilizokutwa na madini ya risasi. Ni heri kununua magome mazima na kuyasaga nyumbani.

La kuzingatia

Mdalasini unaotiwa katika pilau au chai kwa kiasi cha kawaida hauna tatizo kwa watu wengi. Lakini chai hiyo ikitiwa vijiko vitatu vya sukari na kusindikizwa na mahamri au kaimati, faida inayotarajiwa hupotea.

Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi asianze kunywa unga au vidonge vya mdalasini kabla ya kumwarifu daktari, kwani sukari yaweza kushuka kupita kiasi, hasa anapofunga. Mwenye maradhi ya ini ajiepushe na dozi kubwa za kasia.

Anayeacha metformini kwa sababu ya mdalasini huenda asihisi lolote kwa miezi kadhaa, ilhali sukari inaendelea kuharibu mishipa kimyakimya. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu, ndicho kitakachomweleza ukweli.