Nasaba na Mpaka: Kutafuta Ukoo Matayos

Anayefuatilia nasaba ya familia ya Matayos hujikwaa kwanza kwenye mpaka. Hadi tarehe 1 Aprili 1902 sehemu hizo zilikuwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda. Ndipo zikahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo. Hivyo nyaraka za mwanzo hazina budi kutafutwa Uganda, na za baadaye katika Nyaraka za Taifa, Nairobi.

Lakini tatizo kubwa zaidi ni la lugha. Wenyeji hujiita Abakhayo. Wengine huandika Bakhayo, na Kiswahili husema Wakhayo. Faharasa huwatawanya chini ya A, B na W, na intaneti, ifuatayo herufi tu, huweza kuwahesabu kuwa makabila matatu. Jina la mtu nalo hudanganya. Wafula ni mtoto wa majira ya mvua, na mvua haichagui ukoo! Palipo na urithi wa shamba, kosa hilo si dogo. Gideon Were, aliyechapisha historia ya Abaluyia mwaka 1967, aliyategemea sana masimulizi ya wazee wa koo. Pasipo jina la ukoo, karatasi ya karani haisemi ni Wafula yupi.